Mmea Usio na Jani

Tk, tk, tk. Mpaka leo nikikaa kimya naisikia. Si sauti kubwa; redio ikiwa imewashwa inakupita. Ni kama fundi cherehani anapofumua pindo kwa wembe, uzi ukikatika mmoja mmoja. Nilikuwa nimepanda juu ya msuku, ule mti wa porini wenye matunda matamu, kisu cha jikoni mkononi, nabandua mmea mdogo kwenye gome, na kila ikilia tk najiambia: vizuri, unatoka. Sikujua kwamba ninachosikia ni mmea unakufa.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hapa kwenye bustani ya miche, njia ya kwenda Matogoro, ambako mimi nimeacha nguvu zangu zote na magoti mawili. Mliniuliza siku ya kuagana vile vijiti vinavyoning'inia kwenye mpera wa ofisini ni vya nini. Mmoja wenu alikuwa ameshashika panga avisafishe. Nilimzuia kwa sauti ambayo baadaye niliionea haya. Basi kaeni niwaambie, ili siku nyingine panga lisishikwe.

Kwanza mjue mnachokitazama. Kile ni okidi, ila haina jani hata moja. Ni mizizi mitupu, myembamba kama tambi, ya rangi ya majivu, imejisokota juu ya tawi kama mtu alimwaga chakula akaondoka. Ukiwa na haraka utasema ni utando wa buibui, au kuvu, au kitu kilichokufa zamani. Chukua maji kidogo kwenye kiganja, imwagie, subiri kama unavyosubiri chai ipoe. Kikiwa hai kitageuka kijani mbele ya macho yako. Mizizi ndiyo inayofanya kazi ya majani. Ikikauka inarudi kuwa majivu. Halafu tazama ncha za mizizi: zikiwa na kijani kibichi kinachong'aa, mmea unakua, zikiwa za kahawia, una shida, na shida yenyewe mara nyingi ni wewe.

Na jambo la pili, msiseme kinanyonya mti. Hata mimi nilifundishwa hivyo shuleni, na shule yangu iliishia darasa la saba. Kinachonyonya utaona kimeingia ndani ya tawi na tawi limevimba. Hiki kimeshika gome tu, kama mtoto alivyoshika mgongo wa mama yake. Maji yake ni umande na mvua, basi.

Mimi nilianza kazi miaka ile ya ruksa. Waliokuwepo wanaikumbuka: maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni, mitumba ikashuka sokoni kwa marobota, na wanunuzi wa tumbaku wakaanza kuja wenyewe na magari yao. Kila mwenye ardhi upande wa Namtumbo akataka tumbaku. Tumbaku inataka kukaushwa, na mabani ya kukaushia yanataka kuni, na kuni zilikuwa zimesimama pale pale, zina majani, hazina wa kuzitetea. Sisi wa bustani tulikuwa tunaotesha mikaratusi ili watu wapate kuni za haraka. Lakini mkaratusi unaota mwaka na mwaka, na bani linataka kuni leo.

Kila mara tulikwenda msituni na mkokoteni kuchota udongo mweusi wa kujazia viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Ndiko nilikoiona ile okidi, juu ya msuku mkubwa uliokuwa pembeni ya shamba la Mzee Fidelis. Masuku yake yalikuwa matamu, kwa hiyo nilikuwa nimepanda kwa sababu nyingine kabisa. Nikaikuta mizizi ile imelowa umande, ya kijani, na jani halipo. Nilikuwa msichana wa kuota ndoto mchana. Papo hapo nikaona picha yangu ukutani, mgunduzi wa mmea usio na jani. Nikashuka, nikaenda kuomba kisu.

Mmea niliobandua, mingine nikiiacha tawini, niliupeleka bustanini nikaupanda kama tunavyopanda kila kitu: kiriba, udongo wa msitu, samadi ya ng'ombe iliyoiva, maji asubuhi na jioni. Niliupenda jamani. Nilikuwa nauamkia. Mama Odilia, mkuu wetu wa bustani, alipita na kofia yake ya ukindu, akainama, akachomoa mzizi mmoja kwa vidole viwili. Ukateleza kama tambi iliyochacha.

"Gaudensia, mwanangu, hiki ni nini?"

"Ni okidi, Mama. Naiotesha."

"Huoteshi. Umezika maiti ukaiwekea mbolea."

Wenzangu walicheka mpaka wakati wa uji. Mimi nililia nyuma ya tangi la maji. Mama Odilia akaja akasimama hapo hapo, hakunibembeleza. Alisema, "Mimi huo mmea siujui, na wewe huujui. Lakini tunajua ulikokuwa unakaa. Ulikuwa juu, kwenye upepo, ukauweka chini gizani miguu yake ndani ya kinyesi. Wewe ungekaa?"

"Nisingekaa."

"Basi kesho usije kazini. Nenda kakae chini ya ule mti tangu asubuhi mpaka jioni. Usiguse kitu. Uje uniambie jua linaufikia saa ngapi, upepo unatoka wapi, na maji yanakauka lini."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote, wanangu, mengine ni nyongeza. Nilikaa. Nikaona kwamba jua la asubuhi linaupiga kidogo kupitia kwenye majani, la mchana halifiki kabisa. Nikaona umande wa alfajiri unakauka kabla watu hawajaenda kuteka maji mara ya pili. Kumbe haupendi kushinda umelowa. Unapenda kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Na upepo haukatiki. Mpaka leo mtu akiniletea mmea nisioujua simuulizi jina lake kwanza, namuuliza aliutoa wapi na ulikuwa umeelekea upande gani.

Bwana Miti wetu, yaani ofisa misitu wa wilaya, alikuwa Mhehe wa Iringa, mtu mrefu mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwa kamba shingoni. Nilimweleza. Hakunicheka. Alisema, "Mizizi peke yake haitoshi, dada. Hizi zisizo na majani ziko za aina nyingi, na zote ukizitazama ni tambi. Bila ua siwezi kukupa jina. Niletee ua."

Ua ningelitoa wapi? Nikasema nitarudi kwenye msuku, safari hii bila kisu, nisubiri. Nikaenda na Bwana Miti mwenyewe, kipupwe, ukungu umeshuka mpaka magotini. Tukasikia shoka kabla hatujafika. Tulipofika msuku ulikuwa chini.

Mzee Fidelis alikuwa anafuta jasho. Shamba la tumbaku lilikuwa linapanuliwa. Matawi yote yalikuwa yanakwenda kwenye bani, na kisiki kilikuwa king'olewe kabla ya kulima. Nilimwona mtu mwema kabisa ambaye alikuwa amefanya kazi yake.

"Shikamoo Baba," ikatoka nusu.

"Marahaba." Akamwona niliyekuja naye. Uso ukabadilika, akageukia nyumbani kwake akapaza sauti, "Fungeni mbwa, Mhehe amefika."

"Mbwa wa Mngoni amekonda, mwacheni tu," alijibu Bwana Miti. "Nimefuata kitu kingine."

"Sema."

 Bwana Miti alikwenda moja kwa moja akakaa juu ya gogo la msuku, kisha akalala chali, mikono kifuani, akafumba macho. "Nimekufa," akasema. "Nizikeni hapa, au nipeni ninachotaka."

Nyinyi siku hizi mnadhani utani ni kutupiana maneno tu. Mtani akishakaa juu ya kitu chako humwondoi kwa nguvu, wala humwendei balozi wa nyumba kumi. Unaelewana naye. Mngoni na Mhehe walipigana enzi za mababu wakaishia kuwa watani, Mngoni akimsingizia Mhehe kula mbwa, na deni la namna hiyo halikwepeki hata ukiwa na haraka ya kulima.

"Maiti inataka nini?" aliuliza Mzee Fidelis.

"Tawi lile lenye tambi. Na kisiki."

"Kisiki?"

"Usiking'oe. Kichipue."

Mzee alicheka akakohoa, akacheka tena. Halafu akakitazama kisiki, kwa sababu kisiki si mchezo. "Tawi chukueni. Kisiki katikati ya matuta yangu ni jino bovu, mtani, kila nikipita naligonga." Akanigeukia. "Na wewe binti, hiyo mizizi yako inafanya kazi gani?"

"Inatoa ua, Baba."

"Umeliona?"

"Bado."

"Bado," akairudia kama anaionja. "Basi sikia. Mvua ya kwanza ya kulimia ikinyesha, nang'oa. Kabla yake ukinionyesha ua, kwa macho yangu haya, kisiki nakiacha. Na maiti amesikia."

"Nimesikia," ilijibu maiti.

Kwa hiyo mnaelewa kilichokuwa juu ya mabega yangu. Misuku mingine ya karibu ilikuwa imeshaingia kwenye mabani. Ua likitoka, kisiki kingechipua na mmea ungekuwa na pa kurudi. Lisipotoka, ningekuwa na kijiti tu, na kijiti huoza.

Tawi tulilikata kwa msumeno, mizizi haikuguswa hata mmoja. Hapa mzingatie: okidi ya namna hii haibanduliwi. Unachukua na kitanda chake. Tukaliweka bustanini chini ya paa la mashariki, limening'inia, jua la asubuhi tu, upepo unapita. Mama Odilia alinikataza bomba la kunyunyizia dawa, hata nililoosha mara nyingi, kwa kuwa sumu haiishi. Nilitumia fagio dogo la chelewa, nachovya kwenye maji ya mvua, nakung'uta. Alfajiri, mara moja. Siku za ukungu sikunyunyizia kabisa. Mkono ulikuwa unawasha kwa hamu ya kumwagilia, nikaushikilia.

Jumapili bustani ilifungwa, kwa hiyo Jumamosi jioni nilikuwa nalibeba tawi kwenda nalo nyumbani Lizaboni. Majirani walinizoea. "Binti wa kijiti anapita." Jumapili moja nilitoka misa ya pili, nikaingia uani, nikatazama pale nilipolitundika. Hapana kitu.

"Mama, lile tawi liko wapi?"

"Tawi gani?"

"Lililokuwa limening'inia hapa."

"Lile kuni la utando wa buibui? Si ndilo linachemsha maharage."

Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nililichomoa kwa mikono. Ncha moja ilikuwa kaa jekundu, mizizi ya upande ule imejikunja imekuwa nyeusi. Upande wa pili ulikuwa na moshi tu. Mama alinifuata, akaona mikono yangu, akaona uso wangu.  Alivua khanga yake ya juu, akaichovya kwenye ndoo, akalifunga tawi lote kama mtoto mwenye homa.

"Ungeniambia ni mtoto," akasema, "ningemlisha. Ulisema unaweka kijiti."

Alikuwa na haki. Tangu siku ile kila nilichootesha nilikiwekea kibao chenye jina, hata kama ni jina la kubuni, na kila aliyeishi nami nilimweleza kabla hajawasha moto. Nanyi fanyeni hivyo.  Kesho yake Mama Odilia alisema nilikate lile eneo lililoungua kwa msumeno mkali, nipake majivu makavu, niache. Nililala siku hiyo nikijiambia, kama umebaki mzizi mmoja wa kijani, mimi naendelea na mmoja.

Ilibaki zaidi ya mmoja. Mwezi wa vumbi ulipofika, joto limeanza na mawingu yanakusanyika mchana yanatawanyika jioni, niliona vitu kama vichwa vya pini kwenye shina fupi, katikati ya mizizi. Nikamwita Mama Odilia. Akavaa miwani, akatazama, akasema, "Usiguse, usipulize, usiombe kwa sauti."

Mzee Fidelis naye alikuwa anapita bustanini kila akija sokoni. Alikuja na jembe jipya begani. "Binti, unalionaje hili? Nimelinunua la kung'olea kisiki."

"Ni zuri Baba. Litakufaa kwenye viazi."

"Mawingu unayaona?"

"Nayaona."

"Haya."

Ua la kwanza lilifunguka mchana mmoja wa joto. Msitegemee kitu cha kuweka mezani. Ni dogo kuliko punje ya mchele, jeupe, linang'aa kama limenyunyiziwa sukari, na nyuma lina kifuko chembamba kama mkia, ndimo asali yake ilimo. Nilimtumia Bwana Miti ujumbe aje kesho yake tuondoke pamoja. Nikalala na furaha. Alfajiri nikaamshwa na bati. Mvua.

Sikumsubiri Bwana Miti. Nilipita kwake nikachukua kioo chake kupitia dirishani, yeye akiwa bado anatafuta kiatu, nikafunga tawi ndani ya sanduku la kadibodi nikaliweka kichwani. Matope yalinichukua kandambili moja, nikaiacha ya pili ili miguu iwe sawa. Nilipofika shambani jua lilikuwa limetoka na ardhi inafuka mvuke. Mzee Fidelis alikuwa ameinama kwenye kisiki. Upande mmoja alikuwa ameshachimba, mizizi mikubwa ya msuku iko nje, imeoshwa na mvua.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mvua imenyesha, binti."

"Imenyesha leo, Baba. Ua limefunguka jana."

"Mimi jana sikuliona."

Hilo lilikuwa kweli. Nilifungua sanduku nikamshikisha kioo. Alilishika vibaya, nikamgeuzia. Akafumba jicho moja. Akatazama.  Aliinua kioo, akalitazama tawi kwa macho matupu, asione kitu, akarudisha kioo.

"Na hiki kilikuwa hapo juu," akasema, "miaka yote ninayokula masuku yake."

"Kilikuwa, Baba."

Alinirudishia kioo. Alitazama anga, akatazama shamba lake. Kisha kwa mguu wake akaanza kusukuma udongo ndani ya shimo, akaukanyaga, akasukuma tena, mpaka mizizi ya msuku ikafunikwa.

"Ile haikuwa mvua ya kulimia," alisema. "Ilikuwa ya kutuliza vumbi tu."

Bwana Miti alifika akihema na kiatu kimoja hakijafungwa. Mzee Fidelis hakumpa hata nafasi ya kuamkia. "Umechelewa, mtani. Mbwa wote wameshaliwa."

Jina lilikuja baadaye. Bwana Miti aliliweka ua moja kwenye chupa ya spiriti, akalinganisha na vitabu vyake, akauliza wanaojua kuliko yeye. Ukoo wake unaitwa Microcoelia. Naliandika tu, kulitamka ni kazi ya wenyewe. Na haikuwa mpya. Inajulikana tangu zamani, iko na kwingine pia. Nilihuzunika kwa muda wa kunywa chai. Nilikuwa nimeshajiandalia jina, Gaudensia fulani, la Kilatini kama la padre. Halafu nikanawa kikombe nikaenda kukung'uta fagio, kwa sababu ilikuwa alfajiri na mmea hausubiri mtu amalize kuhuzunika.

Tawi lile lilikuja kuoza, kama nilivyojua. Lakini kabla ya hapo lilikuwa limetoa vijiganda vilivyojaa mbegu kama vumbi, na upepo ukazipeleka kwenye mpera wa ofisini. Nilisubiri miaka kabla sijaona tambi ya kwanza pale. Ndivyo vijiti mlivyoviona. Ni wajukuu wa msuku wa Mzee Fidelis.

Na kisiki kilichipua. Mzee alilima kwa kukizunguka maisha yake yote, akikitukana kila msimu kwa kumtaja Mhehe. Wanawe wameacha tumbaku siku hizi, wanapanda mahindi, lakini kile kisiki wanakizunguka vile vile. Wamekuta baba anazunguka, nao wanazunguka. Machipukizi yamekuwa miti, masuku yanaanguka.

Nilipostaafu nilikata kwa msumeno kipande cha tawi la mpera chenye mmea mmoja imara. Nikakipeleka nikakifunga kwenye msuku uliochipua kisikini, upande wa asubuhi, kwa utepe wa khanga ile ya Mama. Waya hukata, na nailoni haijui kuachia. Khanga huoza polepole, ikimalizika mizizi huwa imeshashika. Isiposhika, khanga ikioza kila kitu kinaanguka, na utakikuta chini.

Majira haya yaliyopita nilikwenda kutazama. Sikumwambia mtu, hata watoto wangu walidhani naenda sokoni. Nilitazama kwanza chini ya mti. Hapakuwa na kitu ila majani na masuku yaliyooza. Nikainua macho. Mizizi ilikuwa imetoka kwenye kile kipande cha mpera ikavuka hadi kwenye gome la msuku, ncha zake kijani. Utepe ulikuwa umebaki uzi mmoja, haujashika chochote. Niliuvuta kwa vidole viwili. Ulikatika, tk, na mmea haukutikisika. Nikauviringisha ule uzi, nikautia mfukoni, nikarudi nyumbani.